LENGA-LENGA YA LUPANGO: MBEGU NZURI NA UDONGO SAFI

Leo ukurasa wetu wa Usalama na Afya unasema juu ya bustani ya mboga. Wengine watauliza: mboga na usalama wa kazi, vina uhusiano gani? Kofia, viatu, miwani na mikanda, hivyo ndivyo usalama. Ni kweli. Lakini mtu asiye na damu ya kutosha anachoka upesi na kizunguzungu kinamshika. Na mtu mwenye kizunguzungu akisimama karibu na mashini, kofia peke yake haitamwokoa. Usalama wa kazi unaanza nyumbani, kwenye sahani.

Kwa hiyo tumechagua mboga moja ambayo kila mmoja wetu anaijua: lenga-lenga. Tutaeleza namna ya kuipanda kwa mbegu katika lupango. Tena tutaeleza jambo ambalo watu wengi wa miji yetu ya madini hawalifikiri: udongo ambamo mboga inaota.

LENGA-LENGA INATUPA NINI?

Majani ya lenga-lenga yana chuma. Si chuma cha reli, ni chuma kile kidogo ambacho mwili unakihitaji kwa kutengeneza damu. Yana pia kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo haoni vizuri jua likishazama, na magonjwa yanampata upesi. Kuna vitamini C, kuna kalsiumu ya mifupa, na kuna asidi foliki ambayo mama mwenye mimba anaihitaji sana.

Na bei yake ni ndogo. Nyama inangoja mwisho wa mwezi; lenga-lenga haingoji. Siku thelathini baada ya kumwaga mbegu, chungu kiko motoni.

MJI WA MADINI SI SAWA NA KIJIJI

Babu zetu kijijini walipanda mboga pahali popote penye rutuba. Sisi tunaishi pamoja na mgodi, usini na malori. Hatuwezi kupanda pahali popote.

Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba katika mwaka 1911, na lilifanya kazi miaka mingi sana. Moshi wake ulichukuliwa na upepo, na kwa kuwa upepo wetu wa kiangazi unatoka zaidi kusini-mashariki, vumbi lilianguka zaidi upande wa kaskazini-magharibi. Ndiyo sababu udongo wa mtaa wa Penga Penga umechunguzwa mara nyingi na wenye elimu ya kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi: una shaba nyingi, na pamoja nayo zinki, risasi, kadmiumu na kobalti. Moshi ukikoma, madini hayatoki udongoni. Yanabaki.

Katika mwaka 2009, waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walipima mkojo wa watu wa Katanga. Watu waliokaa karibu na migodi na usini, chini ya kilomita 3, walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wa mbali. Na watoto walikuwa nayo nyingi kuliko wakubwa. Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2014, ulitafuta njia ambazo kobalti inapitia kuingia mwilini. Kwa wakubwa, njia moja kubwa ni chakula kilichopandwa pale pale, na zaidi mboga. Kwa watoto, ni vumbi pia: wanacheza chini, kiisha wanapeleka mikono kinywani.

MAJANI MAZURI YANAWEZA KUDANGANYA

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu ni hapa watu wengi wanakosea. Mtu anasema: «Lenga-lenga yangu ni nene, rangi yake ni ya kijani kabisa, basi udongo ni mzuri.» Hapana. Madini hayafanyi kazi moja.

Shaba ikizidi udongoni, mmea wenyewe unaugua. Mbegu haioti vizuri, majani yanageuka rangi ya manjano, mizizi inakuwa mifupi. Shaba inamzuia mkulima kabla haijamfikia mlaji. Pahali ambapo majani ya kawaida yanakataa kuota na unaona uwanda mtupu, au maua madogo ya rangi ya zambarau ambayo watafuta-madini wa zamani waliyaita maua ya shaba, hapo usipande mboga.

Risasi haipandi sana toka mizizi mpaka majani. Inakuja zaidi na vumbi linalokaa juu ya jani. Hii ni habari njema, kwa sababu vumbi linaoshwa. Lakini usipoosha, unaila. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto mdogo, na kiasi kidogo tu kinatosha kumdhuru.

Kadmiumu ndiyo mwizi wa usiku. Inaingia kwa mizizi, inapanda mpaka majani, na mmea hauonyeshi alama yoyote. Jani ni zuri, sahani ni nzuri, na maji hayawezi kuitoa kwa sababu iko ndani ya jani. Kadmiumu ikiingia mwilini inakaa miaka mingi katika figo.

Basi kuna mambo mawili ya kufanya, si moja. Vumbi tunalishinda kwa kuosha. Kile kinachopitia mizizi tunakishinda kwa kubadilisha udongo, kabla ya kumwaga mbegu.

JE, TUACHE KULA LENGA-LENGA?

Hapana, hata kidogo. Mama mmoja alituuliza hivi kwenye dispensari: «Munganga, kama majani yana sumu, si afadhali bukari na samaki tu?» Tulimjibu hivi: mama, mwili wako ni kama nyumba yenye milango. Mlango ambamo chuma kinaingia, kadmiumu, risasi na kobalti zinaweza kupita humo pia. Mwili ukiwa na chuma cha kutosha, mlango unafungwa nusu. Mwili ukikosa chuma, mlango unafunguliwa wazi, na madini mabaya yanapita kwa wingi.

Kwa hiyo mtu anayeacha mboga kwa kuogopa madini anakosa chuma, na anayapokea yale madini zaidi, maana vumbi bado liko nyumbani. Dawa si kuacha lenga-lenga. Dawa ni kuipanda pahali safi.

KUCHAGUA PAHALI

Angalia mambo haya kabla ya kushika jembe:

1. Uwe mbali na barabara ya malori. Kama lupango liko kando ya barabara, panda nyuma ya nyumba, na weka ua wa miti mifupi mbele kwa kuzuia vumbi.

2. Usipande kwenye rundo la zamani la mawe ya madini, pahali palipomwagwa mabaki ya usini, au pahali ambapo watu walivunja na kuosha mawe ya kobalti. Kama jirani anachagua mawe katika lupango lake, bustani yako isiguse ukuta wake.

3. Usinyweshe kwa maji ya mfereji au mto unaopokea maji ya usini. Tumia maji ya bomba, ya kisima kizuri, au ya mvua.

4. Usichukue mchanga wa mabaki ya usini kwa kuchanganya na udongo. Ni mwororo, unaonekana safi, lakini ni mawe ya madini yaliyosagwa.

Kama hujui historia ya lupango lako, fanya kama vile udongo si safi. Utafanya kazi zaidi siku moja, na utalala vizuri miaka mingi.

KUTENGENEZA TUTA LA JUU

Tuta la kutosha jamaa moja lina upana wa metri 1, urefu wa metri 5, na kimo cha sentimetri 30. Zungusha matofali au mbao zisizopakwa rangi wala dawa. Hapo unahitaji udongo metri kubu 1 na nusu, ndiyo kusema toroli 25 hivi. Kazi ya jumamosi mbili kwa baba na vijana wake.

Udongo utoke wapi? Utoke mbali na mgodi, pahali ambapo msitu unaota vizuri. Wakulima wa pande za Lubumbashi wanajua tena udongo wa kichuguu: una kalsiumu, si mchachu kama udongo wetu mwekundu. Ni mzuri, lakini kwa sharti moja. Mchwa wanaleta juu udongo wa chini sana. Hata watafuta-madini wanachunguza vichuguu kwa kujua kilicho chini. Basi kichuguu cha karibu na kilima cha madini, ukiache.

Changanya udongo na mbolea ya ng'ombe au kuku iliyooza miezi mitatu, au komposti ya majani: toroli moja ya mbolea kwa toroli nne za udongo. Mbolea inashika madini, haiyaachi kupita upesi kwa mizizi. Ongeza majivu meupe ya kuni au makala, makopo mawili ya maziwa kwa tuta zima. Majivu yanapunguza uchachu wa udongo, na katika udongo usio mchachu madini mengi yanalala bila kusonga. Lakini usitumie majivu ya plastiki, ya mipira ya gari wala ya mbao zilizopakwa rangi.

Neno moja la usalama: chokaa ya usini isitoke usini. Chokaa isiyozimwa inachemka ikigusa maji, na inaunguza macho ya mtoto. Ukitaka chokaa, nunua ile ya kilimo.

Mtu asiye na pahali pa tuta anaweza kupanda ndani ya magunia ya unga wa mahindi yaliyojazwa udongo safi.

KUPANDA MBEGU

Mbegu ya lenga-lenga ni ndogo sana, nyeusi na yenye kung'aa. Kijiko kimoja cha chai kinatosha tuta lote. Kwa kuwa ni ndogo, ukiimwaga peke yake itaanguka yote pahali pamoja. Ichanganye na kopo moja la mchanga mkavu na safi, kiisha mwaga katika mistari iliyoachana kwa sentimetri 20.

Funika kwa udongo mwembamba, nusu sentimetri tu. Ikizikwa chini zaidi, haitapanda. Nyunyiza maji kwa bidoni iliyotobolewa matundu madogo, si kwa ndoo, maana maji ya ndoo yanachukua mbegu zote. Weka majani makavu juu kwa kulinda unyevu. Siku ya nne au ya tano mbegu zinatoka. Ondoa majani siku hiyo hiyo, jioni, ili jua lisizishtue.

Wakati gani? Lenga-lenga inapenda joto. Katika mwezi wa sita na wa saba baridi yetu ya usiku inaichelewesha. Anza katika mwezi wa nane au wa tisa ukiwa na maji ya kunyunyizia, kiisha endelea na mvua. Wakati wa mvua nyingi, tuta la juu linasaidia mara mbili, kwa sababu maji hayasimami na miche haiozi.

Mwaga tuta nusu leo, na nusu baada ya wiki mbili. Hivyo mboga haitakatika.

KUTUNZA NA KUVUNA

Nyunyizia asubuhi na jioni wakati wa jua, zaidi kwenye udongo kuliko kwenye majani. Baada ya wiki mbili, punguza miche: acha nafasi ya vidole vinne au vitano kati ya mche na mche. Ile uliyong'oa, ipike. Ni mboga ya kwanza. Panzi na viwavi ondoa kwa mkono. Dawa ya wadudu isiyo na karatasi ya maelezo isiingie bustanini, wala dawa yoyote ya usini.

Wiki ya nne unaanza kuvuna. Using'oe yote. Kata shina kwa kisu, uache kimo cha sentimetri 10 hivi pamoja na majani machache. Litatoa matawi mapya, na baada ya wiki mbili utakata tena. Acha mimea mitano mizuri bila kuikata, ile iliyokawia kutoa maua. Vichwa vyake vikikauka, vipige juu ya kitambaa, pepeta, na weka mbegu katika chupa kavu. Mwaka ujao hutanunua mbegu.

Vaa viatu bustanini. Usitumie mavi ya watu wala mbolea mbichi. Kuna mnyoo ambao unaingia kwa ngozi ya mguu na kunyonya damu tumboni. Wachimbaji wanaujua tangu zamani: karibu na mwaka 1880, katika kuchimba handaki ya Saint-Gothard nchini Uswisi, wafanyakazi wengi waliishiwa damu kwa ajili yake. Ni hasara kubwa kulima mboga ya kuongeza damu, na mnyoo unaitoa kwa mguu.

KUOSHA NA KUPIKA

Kata mizizi bustanini, usiingize udongo jikoni. Tupa majani ya chini kabisa, yale yaliyoguswa na matone ya udongo. Osha katika maji matatu, ukisugua jani kwa vidole, mpaka maji ya mwisho yabaki meupe. Osha kabla ya kukatakata, si baada. Fanya vile vile na mboga ya sokoni, maana nyingi zimekaa chini kando ya barabara. Sombe na mboga za kukausha zianikwe mbali na malori, zikifunikwa kitambaa.

Pika kwa muda mfupi, dakika kumi zinatosha kwa majani machanga. Majani yaliyokomaa, yachemshe kwanza na kumwaga maji. Wengine wanatia bikarbonati ili yalainike upesi. Inaua vitamini C, afadhali kuiacha. Tia mafuta ya mawese kidogo, kwa sababu vitamini A haiingii mwilini bila mafuta. Tia nyanya au ndimu, ili chuma kiingie vizuri. Na chai ingoje saa moja baada ya chakula. Chai inazuia chuma.

VITU VYA KAZI VIBAKI KAZINI

Baba, bustani hii yote inaweza kuharibiwa na wewe peke yako, bila kujua. Nguo za kazi zina vumbi la madini. Badilisha nguo na kuoga kazini, pahali palipowekwa kwa ajili hiyo. Kama ni lazima kuzifulia nyumbani, zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe kwenye mboga wala pahali watoto wanapochezea.

Usilete bidoni, pipa au gunia lililokuwa na dawa za usini. Hata likioshwa mara kumi, si chombo cha maji ya kunyunyizia, wala cha kunywa, wala cha kuweka mbegu.

MAULIZO NA MAJIBU

Udongo wa lupango langu ni wa mashaka, na sina nguvu ya kuleta toroli 25. Nifanye nini?

Panda humo vitu ambavyo tunakula tunda au punje: nyanya, bilinganya, maharagwe, mahindi. Kwa kawaida madini yanajaa zaidi katika majani kuliko katika matunda na punje. Lenga-lenga, matembele na sombe, zitafutie magunia ya udongo safi.

Kuchemsha sana kunaua madini?

Hapana. Moto unaua vijidudu na mayai ya minyoo. Madini hayafi kwa moto. Yametoka katika moto wa tanuru.

Mtoto wangu anakula udongo. Ni vibaya?

Ni vibaya, na zaidi katika mji wetu. Mlete dispensari. Mara nyingi ni alama ya kukosa damu au kuwa na minyoo, na vyote viwili vina dawa.

KUMBUKENI

1. Udongo safi kwanza, mbegu baadaye.
2. Jani zuri si ushuhuda wa udongo mzuri.
3. Tuta la sentimetri 30, mbolea iliyooza, majivu kidogo.
4. Maji matatu kabla ya chungu.
5. Viatu bustanini, sabuni mikononi.
6. Nguo, magunia na mapipa ya kazi yasiingie lupangoni.
7. Msiache lenga-lenga. Mtu mwenye damu ya kutosha anafanya kazi akiwa macho, na jioni anarudi kwa watoto wake.